Dr. Stone: Senku angeweza kweli kufika kwenye dawa ya Ruri, au manga imeruka hatua?

msomaji_wa_usiku ameuliza:

Wakuu, habari za saa hizi.

Naomba msaada wa wenye ujuzi wa kemia na metali. Nimemaliza juzuu 26 za hadithi kuu ya Dr. Stone, ile manga iliyoandikwa na Riichiro Inagaki na kuchorwa na Boichi, iliyotoka kwenye Weekly Shonen Jump kuanzia 2017 hadi 2022. Sasa naisoma upya na mdogo wangu. Yuko sekondari na anapenda kemia kupita kiasi.

Mara ya kwanza mimi niliisoma kwa ajili ya watu. Senku aliyegeuzwa jiwe, akahesabu sekunde kwa miaka 3,700 ili fahamu zisimtoke. Taiju aliyekataa kufa moyo kwa sababu kuna maneno hajayafikisha kwa Yuzuriha. Chrome aliyejaza kibanda mawe ya kila rangi bila mtu yeyote kumwambia yana faida gani. Mdogo wangu hana habari na hayo. Yeye kila baada ya kurasa mbili anaweka kidole juu ya mchoro na kuniuliza, "Hii inawezekana kweli?" Nami sina jibu, maana nilisomea mambo mengine kabisa.

Kwa ambao hawajaisoma, kisa ni hiki. Mwanga unapita dunia nzima na wanadamu wote wanageuka mawe. Senku anaamka tarehe 1 Aprili mwaka 5738. Miji imeliwa na msitu, hakuna hata msumari uliobaki, na yeye anakusudia kurudisha kila kitu, kuanzia moto wa kupekecha hadi chombo cha kwenda angani, kwa kufuata sayansi hatua kwa hatua.

Yanayotushinda ni haya. Kwanza ile asidi. Ndani ya pango la popo kuna matone yanadondoka, Senku anasema ni asidi ya nitriki, anaikinga kwenye chungu, anaichanganya na pombe aliyoikeneka kutoka kwenye mvinyo wa zabibu mwitu, na mchanganyiko huo unavunja ule ujiwe. Tukiweka kando suala la mtu kuwa jiwe, asidi inaweza kudondoka hivyo kutoka juu ya pango? Halafu chuma: wanaokota mchanga mweusi, wanauyeyusha kwa makaa na mvukuto, baadaye wanasubiri radi ipige vyuma vyao ili viwe sumaku. Na la mwisho, ambalo ndilo linalonigusa, ni dawa ya Ruri, kuhani wa kike wa kijiji anachokifikia Senku, anayeumwa nimonia. Kijiji hakina hata kioo, na huyu kijana anasema atatengeneza sulfa, dawa ya kuzuia bakteria.

Najua ni hadithi ya kubuni, kwa hiyo sihitaji kuambiwa hilo. Nataka kujua wapi mwandishi amesema kweli na wapi ameruka, ili nimjibu mdogo wangu bila kumdanganya.

---

fundi_hadubini amejibu:

Mkuu, swali lako la asidi limenikuta kazini kwangu kabisa, kwa hiyo nitaanza nalo na nitalikalia.

Mimi ni fundi wa maabara ya metali. Naletewa vipande vya chuma vilivyovunjika au vilivyotoka tanurini, nami natakiwa kusema ndani yake kuna nini. Kimiminika ninachokishika karibu kila siku ya kazi ni asidi ya nitriki iliyochanganywa na ethanoli. Sisi tunakiita naitali. Nilipofika pale Senku anapoweka asidi ya pangoni pamoja na pombe, nilikitambua kabla hajamaliza maelezo yake. Kitu hicho kipo kweli, na chupa yake iko kwenye rafu iliyo mbele ya meza yangu.

Mweleze mdogo wako kinafanya nini. Ukikata kipande cha chuma na kukiweka chini ya hadubini huoni kitu ila mikwaruzo ya msumeno. Unakisugua kwa msasa wa chembe kubwa, unashuka taratibu hadi msasa laini, na kila unapobadili msasa unakigeuza kipande robo mzunguko ili ujue mikwaruzo ya mwanzo imekwisha. Kisha unakipeleka kwenye kitambaa kinachozunguka chenye unga wa almasi, mpaka unaona uso wako ndani yake. Ukirudi kwenye hadubini sasa unakuta weupe mtupu. Hapo ndipo naitali inapoingia: asilimia mbili au tatu ya asidi, iliyobaki yote ethanoli. Unaitia juu ya chuma na kukazia macho. Kwa muda hakuna kinachotokea, uso unang'aa vile vile, halafu ghafla unaingia rangi ya kijivu. Papo hapo unaosha kwa pombe na kukausha kwa hewa ya moto. Ukichelewa umekiunguza, unarudi mwanzo kwenye msasa. Ukiwahi, hadubini inakuonyesha chuma kilichogawanyika chembe chembe, kila chembe na mpaka wake, feriti nyeupe huku, perliti yenye mistari myembamba ya giza kule. Asidi imekula mipaka upesi kuliko ilivyokula katikati ya chembe, na kilichokuwamo ndani tangu mwanzo sasa kinaonekana.

Ndiyo maana nasema Inagaki hakuokota kimiminika chochote tu. Amechukua kile ambacho kazi yake halisi ni kula uso wa kitu kigumu ili kilichofichika kitokee, akakipa kazi ya kuwatoa watu kwenye mawe. Sisi wa fani hii tunaona heshima hapo. Manga ile ina msimamizi wake wa mambo ya sayansi, anayejulikana kwa jina la Kurare, na Boichi naye alisomea fizikia chuo kikuu. Ukiitazama michoro ya vyombo unaona ni mtu anayejua chombo kinashikwaje.

Sasa pango. Hapo ameruka. Kinyesi cha popo kina nitrojeni nyingi, na bakteria huigeuza kuwa nitrati, hilo ni kweli. Lakini asidi haibaki huru ikadondoka. Inakutana na chokaa na madini mengine ya pangoni na kumalizwa hapo hapo. Unachokikuta ni chumvi: nitrati ya kalsiamu, nitrati ya potasiamu. Hiyo ya potasiamu ndiyo shura, iliyotumika kwa karne nyingi kutengenezea baruti. Kutoka shura hadi asidi ya nitriki, njia ya kale ni kutumia asidi ya salfuriki au chumvi za salfeti pamoja na moto mkali. Na Senku anaipata salfuriki baadaye sana, kwenye ziwa la asidi, akiwa kijijini. Kwa mpangilio wa kweli ziwa la asidi lingetangulia na kuamsha watu kungefuata. Ila mwandishi akifanya hivyo, simba wanapowavamia hana dawa ya kumwamsha mpiganaji Tsukasa, na bila Tsukasa hakuna mgogoro wa kuibeba hadithi. Nimemwelewa.

Jambo moja la usalama, na hili nalisema kwa uzito. Naitali ya asilimia chache inashikika ukiwa na adabu. Asidi ikipanda kupita asilimia kumi hivi, yenyewe na ethanoli zinaanza kutendana, joto linapanda, gesi inajaa, na chupa iliyofungwa inapasuka. Manga yenyewe huweka onyo kwamba njia zinazoonyeshwa zinatokana na mambo halisi na msomaji asiige. Mdogo wako alisome onyo hilo kwa sauti.

Chuma nitakuja nacho, simu ya kazi inaita.

---

bi_mizani amejibu:

Ndugu msomaji, mimi ni mfamasia, kwa hiyo niachieni Ruri.

Kwanza, Senku alichagua vizuri. Watu wengi wangekimbilia penisilini kwa kuwa ndiyo wanayoijua. Yeye anakataa, kwa sababu penisilini inategemea bahati ya kupata ukungu sahihi, na sulfa unaifikia kwa kemia tupu. Hoja hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Alexander Fleming aliuona ukungu wake 1928. Ilipofika 1941 pale Oxford, mgonjwa wa kwanza, askari polisi, alianza kupata nafuu kabisa, kisha dawa ikaisha. Walikuwa wakiikamua upya kutoka kwenye mkojo wake ili wamrudishie, haikutosha, akafa. Hao walikuwa wanasayansi wenye maabara na umeme. Senku ana chungu na moto.

Sulfa nayo ina kisa ambacho natamani kila anayesoma manga hii akijue. Salfanilamaidi, ambayo ndiyo dawa yenyewe, ilitengenezwa kwa mara ya kwanza 1908 na mwanakemia Paul Gelmo. Ikakaa. Hakuna aliyejua kwamba inazuia bakteria. Ilibaki kitu cha viwanda vya rangi za nguo mpaka Gerhard Domagk, ndani ya kampuni ya Bayer, alipojaribu rangi nyekundu iliyoitwa Prontosil kwa panya walioambukizwa, na panya wakapona. Alitangaza matokeo 1935, na mwaka huo huo watafiti wa Institut Pasteur wakaonyesha kwamba wekundu ule hauna kazi. Mwilini rangi inavunjika na kinachoponya ni ile salfanilamaidi ya Gelmo. Binti wa Domagk mwenyewe aliugua vibaya baada ya kuchomwa na sindano mkononi, na baba yake akampa dawa ile. Alipona.

Kwa hiyo kati ya 1908 na 1935 dawa ilikuwepo na watu walikufa kwa nimonia na homa ya uzazi pembeni yake. Senku anachobeba kichwani ni jawabu hilo. Hatua za kuitengeneza ni ngumu, ila kubwa kuliko zote ni kujua kwamba inafaa kutengenezwa, na hiyo ameshaivuka kabla hajaanza.

Ameruka wapi? Nimonia ya Ruri ni ya pneumokokasi, na salfanilamaidi ya kawaida haina nguvu sana kwa bakteria huyo. Iliyobadilisha matibabu ya nimonia ni ndugu yake, salfapiridini, iliyotoka 1938 na kujulikana kama M&B 693. Ningekuwa mimi ndiye msimamizi wa sayansi ningelisema hilo ukingoni mwa ukurasa. Haimaanishi Ruri asingepona, ila ushindi wake ungekuwa wa mashaka zaidi ya tunavyoonyeshwa.

Na kuna jambo hakuna anayelichora: maji. Sulfa za mwanzo zilikuwa zikigandamana kama fuwele ndani ya figo. Mgonjwa alipaswa kunyweshwa maji mengi sana na mkojo wake kuangaliwa. Natamani ningemwona Kohaku akipanda na kushuka na ndoo. Dada yake yuko kitandani, yeye ana nguvu za mwili kuliko wote pale, na kazi ya kumponya dada yake ingekuwa hiyo hiyo ya kubeba maji aliyoifanya siku zote.

La mwisho kuhusu usafi. Mwaka 1937 huko Marekani kampuni moja iliyeyusha salfanilamaidi ndani ya dayethilini glikoli, kimiminika kitamu chenye sumu. Zaidi ya watu mia moja walikufa, wakiwamo watoto, na mwaka uliofuata sheria ya dawa ya nchi hiyo ikabadilishwa. Dawa yenyewe haikuwa na kosa. Nikimwona Senku anampa Ruri unga uliotoka moja kwa moja kwenye vyombo vya kijijini moyo wangu unaruka, kwa sababu sijaonyeshwa akiusafisha mara ya pili na ya tatu. Kazi ya kusafisha ndiyo nusu ya kazi yetu.

---

fundi_hadubini amejibu:

Bi Mizani, asante, hilo la 1908 sikulijua na nitalikumbuka.

Narudi kwenye chuma. Mchanga mweusi ni kweli tupu. Wajapani waliyeyusha mchanga wa chuma kwa karne nyingi ndani ya tanuri la udongo liitwalo tatara, na huko Okuizumo, mkoa wa Shimane, bado linawashwa wakati wa baridi ili wafua panga wapate chuma chao. Tazama kiasi chake: tani 10 hivi za mchanga na tani 12 hivi za makaa, tanuri likilishwa siku tatu mchana na usiku bila kuachwa, na mwisho wanabomoa kuta na kutoa bonge la tani mbili na nusu hivi. Ndani ya bonge hilo ni sehemu tu inayofaa kwa upanga. Mkuu wa kazi, anayeitwa murage, anaamua lini aongeze mchanga na lini makaa kwa kutazama rangi ya moto.

Makaa yanazidi mchanga wenyewe. Kila mmoja anayesoma sura ile ya chuma alitie akilini hilo, kwa sababu ndipo Inagaki alipofanya jambo nililolipenda kuliko yote. Senku, Chrome, Kohaku na mtoto Suika wanajaribu peke yao. Wanapuliza mpaka wanaanguka, na joto halitoshi. Senku anayejua kila kitu ameshindwa kwa sababu ya mikono. Anafanya nini? Anapika rameni. Anasaga mbegu za nyasi pori, anatengeneza tambi, anawalisha wanakijiji, nao wanakuja kuvuta mvukuto. Hadithi nyingi za mashujaa wenye akili zingempa wazo la ajabu usiku huo na asubuhi chuma kingemwagika. Hapa amepewa watu, na watu wanalishwa.

Mwambie mdogo wako pia kuhusu joto. Chuma safi kinayeyuka kwa nyuzi 1,538. Tanuri dogo la makaa linapata taabu kufika huko, lakini halilazimiki. Kaboni ya makaa inaondoa oksijeni kwenye mchanga wakati chuma bado ni kigumu, na unachotoa ni bonge lenye matundu lililochanganyika na mavi ya chuma. Mhunzi analigonga likiwa jekundu, mavi yanaruka cheche, bonge linashikamana. Tukiliweka bonge la namna hiyo chini ya hadubini bado tunaona mistari ya mavi iliyobaki, imelala kuelekea upande ambao nyundo ililisukuma. Unaweza kumfuata mhunzi aliyekufa zamani, pigo kwa pigo. Hicho ni kitu nakiona kwa macho yangu na hakijawahi kunichosha.

Radi sasa. Wazo ni zuri na lina mzizi. Jiwe la sumaku la asili linadhaniwa kupata nguvu yake kwa radi, kwa kuwa mkondo mkubwa wa mara moja unatosha kuupanga usumaku wote upande mmoja. Lakini chuma kina tabia mbili. Chuma laini, kama hicho cha bonge, hushika usumaku upesi na huuachia upesi. Kinachoushika ni chuma chenye kaboni ya kutosha kilichopashwa moto na kupozwa ghafla majini. Ukikitia naitali unaona vijisindano vilivyopishana, tunaviita martensiti. Sumaku za zamani za kudumu zilikuwa za chuma cha namna hiyo. Manga inatoka kwenye tanuri hadi kwenye radi bila kupita kwenye ndoo ya maji. Ningeipa kurasa mbili tu: kipande kimoja kimepozwa polepole, kingine ghafla, radi moja inapiga vyote viwili, halafu wanajaribu ni kipi kinaokota misumari kesho yake. Chrome angeruka kwa furaha.

---

kibanda_cha_mawe amejibu:

Wakuu nawasoma kwa makini, ila naona mnampa Senku sifa zote, na kukosoa kwenu ni kwa Senku huyo huyo. Mimi naisoma manga hii kwa ajili ya Chrome. Tahadhari, nataja mambo ya ndani kidogo.

Fikirieni huyu kijana. Hana shule, hana kitabu, hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitu kinaitwa kemia. Amekusanya mawe kwa sababu hili linabadilisha rangi ya moto na lile lina uzito usioendana na ukubwa wake. Anafanya yote hayo ili amtafutie Ruri dawa. Senku anapofika ana majina ya vitu vyote na hana kitu hata kimoja. Vitu viko kwa Chrome. Na wanapohitaji tangasteni kwa ajili ya valvu za simu, Chrome ndiye anayetambua kwamba jiwe wanalolitafuta lipo. Nimesoma kwamba shilaiti (scheelite), jiwe linalotoa tangasteni, hung'aa samawati chini ya mwanga wa urujuanimno, na wameitumia sifa hiyo hiyo kulitafuta. Ukurasa ule wa giza na mng'ao Boichi ameuchora kwa mapenzi.

Na kijiji chenyewe kimetunza elimu kwa masimulizi. Byakuya, baba wa Senku, alikuwa angani kwenye kituo cha kimataifa siku ya mwanga ule. Wanaanga sita wakarudi duniani wakiwa ndio watu pekee waliobaki, na yeye akajua hataishi kumwona mwanawe. Akaacha hadithi mia moja, kuhani wa kike wa kila kizazi akizishika kwa moyo, miaka elfu na elfu. Nyingine zinasikika kama ngano za watoto na ndani yake kuna maelekezo. Ndiyo sababu Ruri asingeruhusiwa kufa: alikuwa maktaba. Kwangu hapo ndipo sayansi ya manga hii ilipo, kwa watu walioibeba bila kuielewa mpaka anayeielewa alipotokea.

Fundi, wewe umesema juu ya murage anayetazama rangi ya moto. Hiyo nayo haiko kwenye fomula yoyote. Uliipataje wewe ile saa ya kuosha naitali? Umeisoma au umeonyeshwa?

---

fundi_hadubini amejibu:

Nimeonyeshwa, ndugu. Kitabu kinasema "sekunde kadhaa". Mzee aliyenifundisha alisimama nyuma yangu, akanigusa bega kila rangi ilipoingia, mpaka siku moja akaacha kunigusa. Chuma chenye kaboni nyingi kinawahi, cha kaboni kidogo kinachelewa, siku ya joto si sawa na siku ya baridi.

Na kwa sababu umegusa hapo, nami nitoe tahadhari, maana nakwenda karibu na mwisho. Nguvu ya hoja yako iko kwa Suika kuliko kwa Chrome. Mtoto anaamka peke yake, wenzake wote ni mawe tena, na Senku hayupo wa kumwuliza. Hana akili ya ajabu ya kukumbuka kila kitu. Ana alichokiona kwa miaka akiwa amesimama karibu na vyungu. Inamchukua miaka saba kutengeneza kile kimiminika. Kwangu sura zile ndizo za kweli kuliko zote ndani ya juzuu 26, na hazina mlipuko wala vita. Senku anaruka kutoka chuma hadi simu kwa muda mfupi kiasi kwamba mimi kama fundi nashindwa kukubali. Suika anachukua miaka saba kwa kitu kimoja, na kila mwaka wake naukubali.

---

msomaji_wa_usiku amejibu:

Wakuu, nimemsomea mdogo wangu majibu yote. La askari wa Oxford lilimnyamazisha kabisa. Sasa ameshaamua Senku alipaswa kumpa Ruri maji.

Ana maswali mawili zaidi. Kwanza, baadaye Senku anapata platinamu na kusema sasa asidi ya nitriki haitaisha kamwe. Hiyo ni kweli? Pili, anataka kujaribu kitu kwa mikono yake. Nimekataa asidi zote na makaa. Kuna chochote kwenye manga hii ambacho mtoto wa sekondari anaweza kukifanya kwa usalama?

---

fundi_hadubini amejibu:

La platinamu ni kweli, na ni moja ya sehemu walizofanya vizuri sana. Ni njia ya Wilhelm Ostwald, aliyeipatia hataza 1902. Amonia na hewa vinapitishwa juu ya platinamu yenye moto, vinatoka oksidi za nitrojeni, ukizikutanisha na maji unapata asidi ya nitriki. Platinamu inasaidia mambo kutendeka na yenyewe hailiwi, ndiyo maana Senku anafurahi vile kwa kipande kidogo. Viwanda vya mbolea duniani bado vinaenda kwa njia hiyo, kwa nyavu za platinamu iliyochanganywa na rodiamu. Kusema "kamwe" ni kuzidisha kidogo kwa kiwandani, kwa sababu kwenye joto lile nyavu hupoteza chembe polepole na hubadilishwa. Kwa mahitaji ya Senku sina ubishi. Shida yake ingehamia kwenye amonia: lazima aitoe mahali kila siku.

Bi Mizani atanisahihisha nikikosea kwa usalama, lakini ya kufanya nyumbani ni mchanga mweusi. Atafute mchanga wa mtoni au ufukweni, aukaushe kabisa, autandaze kwenye sinia, apitishe sumaku juu yake. Chembe nyeusi zitakazosimama kwenye sumaku kwa sehemu kubwa ni magnetaiti, mchanga ule ule anaouokota Senku. Apime uzito wa mchanga wote kabla, na uzito wa chembe nyeusi baada ya hapo, kisha apige hesabu angehitaji kuchuja kiasi gani apate tani kumi za tatara. Na lile la radi alijaribu kwa kiasi kidogo: achukue sindano ya kushonea, ambayo ni chuma kigumu, na kipande cha waya laini wa kufungia. Avisugue vyote viwili kwa sumaku upande mmoja mara nyingi, aviache, arudi kesho yake aone ni kipi bado kinaokota chembe.

---

msomaji_wa_usiku amejibu:

Anauliza kama sumaku ya spika mbovu itafaa.

---

fundi_hadubini amejibu:

Inafaa sana. Aifunge kwanza kwa karatasi au mfuko wa plastiki, akishaokota aivute sumaku itoke ndani ya mfuko na chembe zitaanguka zenyewe kwenye bakuli. Zikishika kwenye sumaku tupu hazitoki.